Bweni la chuo au kwa shangazi Likoni? Naripoti mwezi ujao

BintiWaWundanyi

Hamjambo wote. Nimeitwa chuo Mombasa, chuo chenyewe kiko kisiwani, na naripoti mwezi ujao. Mombasa siijui. Nimefika nikifuatana na mama kuleta mboga Kongowea, tunashusha, tunauza, tunarudi Wundanyi siku hiyo hiyo.

Naomba mnisaidie kuchagua pa kuishi. Nimepata nafasi bwenini, chumba cha watu wanne, vitanda vya dabali deka (kimoja juu ya kingine), choo na bafu viko mwisho wa korido. Ada yake inalipwa ya muhula mzima kwa mpigo. Shangazi yangu anaishi Likoni na amesema niende kwake, silipi kitu, ila nitalala na watoto wake watatu wadogo. Halafu kuna wasichana wawili tuliomaliza nao kidato cha nne, wanataka tuchange tupange bedsita, chumba kimoja cha kulala na kupikia, upande wa Mlaleo.

Baba anasema kwa shangazi, basi. Mama amenyamaza. Mimi moyo wangu uko bwenini, lakini nimesikia mengi: maji hakuna, kunguni, wizi, wapairati, wale wanaolala kwenye vitanda vya wenzao bila kulipa ada, wamejaa vyumbani. Wenzangu wawili wa chumba nimeshaongea nao kwenye grupu, mmoja wa Kwale na mmoja wa Malindi, wote Waislamu. Mimi ni Mwanglikana na sijawahi kuishi na Waislamu chumba kimoja. Wanaonekana wazuri, ila sijui nijiandae vipi.

Aliyepitia aniambie ukweli.

BabaMikindani

Mwanangu, hongera kwa kuitwa chuo. Nina watoto wawili walio vyuoni, nasema kama mzazi. Msikilize baba yako. Kwa shangazi utakula, utalala, na kuna mtu atakayejua kama umerudi au hujarudi. Bwenini usiporudi usiku nani atakuuliza?

Marehemu baba yangu alisoma MIOME, ile taasisi ya elimu ya Waislamu pale Tudor, miaka ya 1950, kabla pahali pale hapajaitwa Politekniki, sembuse chuo kikuu cha TUM. Alikuwa akitusimulia walivyolala vijana wa Unguja na Tanganyika na wa hapa kwetu chini ya paa moja, na urafiki ule ulimfuata mpaka uzeeni. Kwa hivyo bweni silidharau. Lakini siku zile mwalimu alipita usiku kuhesabu vichwa. Leo mtoto wa kike mgeni mjini aanzie kwa watu wake, mji akishauzoea ndipo ahame.

MpangajiMlaleo

Niko mwaka wa tatu, naishi Mlaleo na wenzangu wawili. Sikutishi, nakupa hesabu tu, maana watu wakisikia bedsita husikia kodi peke yake.

Siku ya kuingia unatoa kodi pamoja na deposi, na kama nyumba umetafutiwa na ajenti, naye ana chake. Unanunua godoro, meko, sufuria, pazia, taa. Tokeni za stima ni zenu. Maji ya bomba yakikatika mnanunua ya mkokoteni, na mifereji ikikauka mtaa mzima bei ya mtungi inapanda siku hiyo hiyo. Nauli ni kwenda na kurudi, na mvua ikinyesha inapanda. Tena kutoka huku kwenda kisiwani daraja ni moja, la Nyali, asubuhi magari yamebanana pale. Mwalimu hakuelewi ukimwambia jam, anaona kila mtu amefika isipokuwa wewe.

Raha yake ipo. Napika ninachotaka, nalala saa nnayotaka, hakuna foleni ya choo. Lakini sisi tulipanga mwaka wa pili, tukiwa tumeshajuana nani hulipa na nani huahidi. Nyinyi mmejuana shuleni ambako gesi ilikuwa si yenu. Mwaka wa kwanza singekushauri.

DadaWaFaza

Mdogo wangu, swali lako limenigusa, nimeona nisilale bila kukujibu. Mimi ni wa Faza, Lamu. Nilishuka basi Mwembe Tayari na sanduku na godoro la kufunga kamba, nisimjue mtu mjini, nikaishi bwenini mpaka nikamaliza. Sasa ni mwalimu. Nenda bwenini. Nakwambia kwa moyo wangu wote, na sababu zangu ni hizi.

Nianze na Likoni, ambako kuja kisiwani unavuka bahari kwa feri. Kwa anayekwenda kwa miguu feri ni bure, na kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Muda unaliwa na kungoja. Unafika unakuta umati, unasimama, feri inashusha watu na magari ndipo ipakie, ukivuka unapanda mlima na umati ule ule, halafu utafute matatu. Kipindi cha saa moja asubuhi kinakutaka utoke nyumbani giza halijaondoka. Jioni ndio zaidi, kila aliyefanya kazi kisiwani anarudi ng'ambo wakati mmoja na wewe.

Ukishafika nyumbani kuna watoto watatu. Shangazi yako ni mtu mwema, maana ameshakwambia njoo kabla hujaomba. Lakini wewe ni binti wa nyumba, huwezi kukaa na daftari huku mwana analia na vyombo viko kwenye karai, na wala hautakuwa ustaarabu. Utaosha, utabeba, utapika, na saa nne usiku ndipo ufungue kitabu. Nimesoma na wasichana waliokaa kwa jamaa zao. Walikuwa na akili kuliko mimi, lakini mchana walisinzia darasani.

Sasa bweni lenyewe. Maji kweli yanasumbua, usidanganywe. Maji ya Mombasa yanatoka mbali: mengine Mzima, huko huko kwenu Taita Taveta, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950, na mengine Baricho kwenye mto Sabaki. Bomba likipasuka njiani, au stima ikipotea kwenye pampu za Baricho, huku mjini watu wanashika ndoo. Kwa hivyo njoo na ndoo mbili zenye vifuniko, na jina lako uliandike kwa rangi ya kucha, ubavuni na kwenye kifuniko pia, kwa sababu vifuniko ndivyo hupotea kwanza. Moja ya kuogea, moja ya kufulia na choo. Ya kunywa weka mtungi wake mdogo, usiuchanganye na chochote.

Kwetu maji yalikuwa yakija usiku wa manane au alfajiri. Ukilala karibu na korido utalisikia bomba: linakohoa, linatema hewa, kisha linatoa maji mekundu ya kutu. Yaache yapite mpaka yawe meupe ndipo ukinge. Chumbani kwetu tuliwekeana zamu, na anayeamka kuswali alfajiri alikuwa akijaza ndoo za wote. Yakikosekana kabisa huletwa ya kisima. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, sabuni haitoi povu na nywele zinakuwa ngumu. Ogea hayo hayo, ila weka kopo moja la maji ya bomba yasiyo na chumvi la kujisuuzia mwisho.

Joto nalo litakushangaza wewe unayetoka milimani. Kaskazi ikivuma, Januari mpaka Machi, usiku unalala na leso umeilowesha maji. Blanketi zito liache Wundanyi, shuka mbili na leso zinatosha. Kitanda chagua cha juu, hasa kama kuna feni au kiko mkabala wa dirisha. Cha chini ndicho kila mgeni atakachokalia, utakuta mtu anakula viazi karai juu ya shuka lako. Chandarua nunua cha pembe nne, ufunge kwa kamba kwenye vyuma vya kitanda. Cha duara kinataka ndoano kwenye dari, na huna.

Dirisha lako likiwa na upenyo, jihadhari na kunguru. Si mzaha. Kunguru wa Mombasa wanaingiza kichwa, wanachukua mkate, wanachukua hata sabuni ya kipande. Nimemwona akivuta mfuko wa mahamri kupitia nondo, taratibu, huku ananitazama. Kitu cha kuliwa kiwe ndani ya kopo lenye mfuniko.

Kufuli nunua la shaba. La chuma hewa ya bahari inalishika, na siku ya mtihani ndio siku linakataa kufunguka. Kila mara litie tone la mafuta.

Wizi na wapairati wapo, na vyote viwili hupungua sana kama chumba kina maneno mamoja. Usiku wa kwanza, kabla hamjazoeana mkaanza kuoneana haya, kaeni kitako mzungumze. Taa inazimwa saa ngapi? Mgeni anaruhusiwa kulala au haruhusiwi, na aliyemleta anawaambia wenziwe lini? Chakula cha mtu kinaguswa au hakiguswi? Akikosa sabuni anaomba au anachukua? Mambo haya ni madogo mdomoni, lakini ndiyo yanayowafanya wasichana wasisemezane muhula mzima.

Kupairati nakuomba uelewe vizuri, kwa sababu watu wanakusema kama uhuni. Wengi wanaolala kitanda cha mwenzao ni watoto waliokosa ada ya bweni. Mkopo hauji siku unayoutaka, na mzazi ameshauza mbuzi kwa ajili ya karo. Mwenzetu mmoja wa chumba ilimfika, muhula ulifunguliwa hana ada. Hatukumficha. Tulikubaliana chumbani, tukamshika mkono tukaenda naye kwa matroni, tukaeleza. Alisikilizwa, akaandikwa, akalala na sisi kwa ruhusa mpaka alipopata. Kilichotuokoa ni kule kwenda mapema na kwenda pamoja. Yule anayeingizwa usiku kwa kificho, kitu kikipotea korido nzima, yeye ndiye wa kwanza kushukiwa, hata akiwa hana hatia.

Na sasa sababu yangu kubwa. Niliugua malaria wakati wa mitihani. Jioni nilisema ni uchovu, usiku wa manane nikawa natetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Msichana wa kitanda cha chini, Mkamba kutoka Kitui ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tukisalimiana tu, ndiye aliyeamka. Alinishusha, akanikalisha sakafuni, akanishikia kopo nikitapika, akanipangusa uso kwa leso yake. Mwingine akamwamsha askari wa geti afungue, wa tatu akapiga simu kumtafuta mtu wa tukutuku. Pesa walizitoa wapi sijui, kila mmoja alituma alichokuwa nacho kwa M-Pesa. Nilipozinduka hospitali nilimkuta amesinzia kwenye benchi na daftari la mtihani wa asubuhi liko mapajani. Mamangu Faza alipata habari nikiwa nimeshapata dawa. Yule msichana leo ni dada yangu, watoto wangu wanamwita mama mkubwa.

Baba Mikindani ameuliza nani atakuuliza usiporudi. Kwa heshima zote, mzee wangu, watamuuliza hao. Tena watajua kabla ya mzazi.

BabaMikindani

Dada wa Faza, nimekusoma na nimekuelewa. Nabaki na wasiwasi wangu wa mzazi, lakini habari ya wenzako siku ya malaria sina la kuipinga. Mwanangu, ukienda bwenini, angalau shangazi ajulikane pale. Asiwe mtu wa mbali.

BintiWaWundanyi

Asanteni sana, nimewasomea mama jikoni. Habari ya kunguru amecheka, ya malaria akanyamaza, halafu akaniambia atazungumza na baba.

Yamebaki mawili. Mwezi wa Ramadhani nitaishi vipi na wenzangu? Nisile chumbani? Na shangazi nitamwambiaje bila kumvunja moyo? Ameshanitengea godoro.

DadaWaFaza

Ramadhani isikutie hofu hata kidogo. Hakuna atakayekulazimisha kufunga. Chumbani mchana ukitaka kula, kula, ila usikaangize vitunguu mbele ya mtu mwenye njaa, ni adabu tu. Chakula cha mchana kipange mapema, kwa sababu vibanda vingi hufungwa mpaka jioni, hasa ukiwa Majengo au Mji wa Kale. Nunua asubuhi uweke.

Wataamka kula daku, na taa itawashwa. Waambie usiku ule wa kwanza wa mazungumzo kuwa wewe utakuwa umelala, watumie tochi ya simu. Watakubali. Jioni nawe utaona uzuri wake. Likiadhiniwa magharibi utaitwa, huwezi kukaa kitandani watu wanafuturu. Tende, kaimati, muhogo wa nazi, viazi vitamu, uji. Mwenzetu wa Kitui alikuwa ndiye mpishi wa uji wetu, na hakufunga hata siku moja. Jumapili sisi ndio tuliomwamsha aende kanisani, alikuwa na usingizi mzito yule. Krismasi alirudi kwao, akatuletea maembe ya Kitui gunia zima, korido yote ikala.

Kuhusu shangazi, usimtumie ujumbe. Nenda na mzazi mmoja, mfike Likoni kwa miguu yenu, na mikono isiwe mitupu. Nyinyi mna kabichi na viazi na majani ya kitunguu mabichi ambayo huku tunayanunua kwa bei. Baba ndiye aseme, si wewe. Aseme: mtoto chuo kimempa kitanda karibu na darasa, lakini huku wewe ndiye mama yake. Halafu mwombe akubali jina lake na nambari yake ya simu viandikwe kwenye fomu ya bweni kama mlezi aliye karibu. Hapo utakuwa umemkabidhi jambo zito kuliko godoro. Na ulimaanishe: mwisho wa wiki vuka, kalale huko, wabebe wale watoto, mpishie. Hilo godoro alilokutengea utalilalia Jumamosi nyingi sana, na wiki za likizo fupi ambapo mabweni hufungwa na nauli ya Wundanyi hamna.

MatroniMstaafu

Nimekaa kwenye mabweni ya wasichana miaka mingi, nakubaliana na Dada wa Faza, naongeza ya kazi.

Godoro usinunue kabla hujakiona kitanda. Vitanda vya dabali deka vingi ni vyembamba kuliko vya nyumbani, nimeona wasichana wakikunja godoro upande mmoja mwaka mzima. Pima kwanza, kama huna futi tumia leso, kisha ndipo utoke ukanunue.

Kabla ya kutandika, geuza vyuma na mbao za kitanda uangalie kwenye viungio na mishono. Vidoa vyeusi kama kalamu imegusa gusa ndio kunguni. Ukiviona usilale, usione haya, mwambie matroni siku hiyo hiyo, ili chumba kizima kipigwe dawa pamoja. Ukimwagia maji moto kitanda chako peke yako, wanahamia cha jirani na kurudi. Nguo na godoro anika jua kali, jua la Mombasa linasaidia.

Koili ya kuchemshia maji na jiko la stima acha nyumbani. Nyaya za mabweni mengi hazikuwekwa kwa mzigo huo, na soketi moja utaikuta inabeba simu za watu wanne. Ukiona soketi imekuwa na joto au inanuka, chomoa kila kitu ndipo uje kuita.

Siku ya kukabidhiwa chumba utapewa karatasi ya kusaini vilivyomo: kitanda, kabati, meza, taa, vioo vya dirisha. Usiisaini mlangoni. Ingia, fungua kabati, jaribu taa, tikisa meza. Kioo kilichopasuka kiandikwe kuwa kimepasuka, na upige picha kwa simu. Mwisho wa mwaka utatakiwa kulipia kilichoharibika, na wengi hulipa vya waliowatangulia. Risiti ya ada ya bweni toa nakala, moja mpe shangazi akuwekee Likoni.